Nukta Chini ya Bee

Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani hakupata kusema "sioni." Neno hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Hata siku ile aliyomkuta mbuzi wangu amelala kivulini, akamwita Mama Zena, akamuuliza habari za nyumbani, hakulisema. Nikatoka mlangoni na ungo wangu mkononi, nikamwambia, "Mwalimu, mie niko huku. Huyo unayemwamkia ni mbuzi."

Hakuona haya hata kidogo. "Mbuzi naye ni kiumbe wa Mungu," akanijibu, "na amenisikiliza kwa adabu. Wewe hata salamu hujaitikia, umeshaanza maneno."

Alikozaliwa na aliyemzaa wanajua wa kwao. Mie namjua kwa mlango. Mlango wake na wangu ilitazamana miaka yote niliyolea watoto wangu, kijijini kwetu huku deltani, ambako ukitaka kwenda Kibiti unangoja kwanza maji yajae ndipo mtumbwi utoke. Jirani wa mlango unamjua mpaka kikohozi chake cha njaa na kikohozi chake cha kujishaua.

Alikuwa na sauti. Akisoma Kurani alfajiri, mwanamke anayetwanga mpunga husimamisha mchi juu, akasahau kuushusha. Na sikio lake lilikuwa kama mtego wa panya. Angeweza kuwa chooni nyuma ya nyumba, mtoto barazani akakosea, ukasikia huko huko, "Rudia! Umeimeza irabu, itapike!" Msahafu wote ulikuwa kifuani mwake. Kwa masikio na kifua, sikuona wa kumfikia.

Watoto walimwogopa kuliko mamba. Fimbo yake ya mkwaju ilikaa juu ya mlango, na kila mtoto alijua harufu yake. Lakini mtu huyo huyo hakuweza kuchinja kuku. Kuku akishikwa, mwalimu alikumbuka ana jambo upande wa pili wa kijiji, na mkewe alikuja kwangu kumwomba mume wangu akachinje. Mume wangu alimtania, "Mwalimu, watoto wa watu unawachapa, kuku unamwonea huruma?" Yeye alisema, "Kuku hajui alifu, nimwadhibu kwa kosa gani?" Basi tunacheka, na kuku analiwa, na yeye ndiye wa kwanza kuomba paja.

Tatizo lilikuwa macho. Tangu nimjue alikuwa akiyapekecha kwa vifundo vya vidole, kutwa nzima, mpaka nikamwambia utadhani anakamua machungwa. Jua lilimchoma. Usoni alikuwa amejikunja muda wote, wageni wakidhani ana hasira. Kibatari kimoja kwake kilikuwa harusi nzima. Mwenyewe aliniambia: "Mnawasha kimoja, mie naona vingi, na kila kimoja kina mkia." Na mwezi mchanga ukiandama, wanaume wakitoka kwenda ufukweni kuutafuta, yeye alibaki ndani akijifanya anatafuta viatu. Mwaka mmoja alitoka, akasema ameuona, umebebana na wenziwe wawili. Walimcheka. Hakutoka tena.

Nilipomwambia ati anakuwa kipofu, alikasirika kweli. "Kipofu haoni, Mama Zena. Mie naona mno."

Nililichukua neno hilo kuwa mzaha. Halikuwa mzaha.

Sasa niseme la binti yangu Zena, maana bila hilo huyu mtu hamtamjua.

Zena alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye kutambua herufi, anaanza kuandika maneno. Chuoni kwetu watoto waliandika kwenye ubao, kwa kijiti na wino wa masizi. Aliyesoma chuo anajua nukta ni kitu gani. Bee ina nukta moja chini. Ukiweka mbili chini, hiyo si bee tena, ni yee. Nukta moja tu, ndogo kama yai la chawa, inageuza neno la Mungu kuwa takataka. Asubuhi ile Zena aliandika Bismillahi, mara yake ya kwanza kuiandika bila kuongozwa mkono. Akampelekea mwalimu.

Mwalimu akausogeza ubao mpaka ukagusa pua. Akauinamisha huku, akauinamisha kule. Akasema, "Umeandika Yismillahi."

"Nimeandika Bismillahi, mwalimu."

"Nukta ngapi hizi?"

"Moja."

"Nakuuliza tena. Nukta ngapi chini ya bee?"

"Moja, mwalimu."

Nilikuwa kwangu napepeta, nasikia kila neno. Mwanangu angesema mbili angepona. Lakini ni mwanangu, damu yangu, akasema moja. Fimbo ikashuka kutoka juu ya mlango. Alichapwa kwa kuharibu jina la Mungu, akachapwa tena kwa kumbishia mwalimu wake. Nikauacha ungo, nikavuka uwanja, nikaingia barazani kichwa wazi. Ubao niliuona. Kisomo changu ni cha watu wazima na alifu bee tee ya kuokota dirishani, lakini nukta moja naijua. Ilikuwa moja, imetulia chini ya bee yake.

"Mwalimu," nikasema, "hesabu."

"Nimehesabu."

"Hesabu tena, kwa kidole."

Yeye akamgeukia mwanafunzi mkubwa, akamwamuru, "Ubao huu uoshwe." Ukaoshwa pale pale, mie nimesimama. Wino ukatiririka mweusi mchangani. Ndipo akaniambia, taratibu, kama anayenifundisha: "Ubao ukishaoshwa hauna shahidi."

Zena hakurudi chuoni. Sikumlazimisha. Na hakuwa peke yake, kwa sababu mwalimu alianza kuzikataa nukta za watoto wengi, na wazazi wana macho. Mmoja akamtoa wake, kisha mwingine. Mwalimu wa chuo asiyeaminika kwenye nukta ni kama mkunga aliyekatika mikono. Mkewe alinililia jikoni kwangu: "Watoto wakiisha barazani, huyu mtu atakufa. Hajui kazi nyingine. Hata akilima, jembe linamkosa mguu kidogo tu."

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, miaka ambayo tulitoka kwenye foleni ya sabuni tukaamka tunakuta vitu vimejaa, na wachuuzi wanafika na bidhaa hata huku kwetu kwenye matope. Mmoja alikuwa akija na miwani ya mtumba, ameifunga kwenye kamba kama samaki wa ng'onda. Mwalimu akajaribu moja moja, kamba nzima. Kila akivaa anatazama juzuu yake ya Kurani, anavua. "Hii inazikuza," alisema. "Zilikuwa nukta nyingi ndogo, sasa ni nyingi kubwa." Mganga naye akamtilia maji ya majani, macho yakavimba kama matunda ya ndulele. Alifundisha siku ile na leso usoni, kwa sikio tu, na hakukosea hata irabu.

Halafu wakaja Kibiti madaktari wa macho, wakakaa siku chache, na mwalimu akaenda. Alirudi bila miwani. Ilikuwa zamu yangu kumpelekea mkewe moto, ndipo mwalimu akanieleza, na nilielewa kwa sababu alinionyesha kwa yai. Kioo cha mbele cha jicho, alisema, kwa watu wote ni duara kama upande mnene wa yai. Chake kimelainika, kimesukumwa mbele, kimechongoka kama upande mwembamba.

"Kama chuchu ya mwari," nikasema.

"Mama Zena, mche Mungu." Lakini alicheka, mara ya kwanza kwa muda mrefu. Mwanga ukifika pale kwenye ncha, akaendelea, unatawanyika, ndiyo maana kitu kimoja kinazaa. Miwani ya puani haiwezi kitu. Kinatakiwa kigamba kigumu cha kuvaa ndani, juu ya jicho lenyewe, kinaitwa lenzi, na kinapatikana Dar es Salaam.

"Na kuyapekecha?"

"Wamenikataza. Wamesema nimejichongea mwenyewe."

Aliuza mavuno ya mikorosho yake, akaenda. Safari hiyo mie na mume wangu tulikuwa tunapeleka mikeka Kariakoo, basi tukaongozana, lori kutoka Kibiti likitupiga kwenye mashimo mpaka nikadhani meno yangu yatabaki njiani. Ndiyo maana niliona kwa macho yangu. Hospitali ilikuwa ya mtu binafsi, mpya, bado inanuka rangi. Mpimaji alikuwa mama mnene mwenye vidole vidogo kama vya mtoto. Alikuwa na sanduku la vigamba, safu kwa safu, huwezi kuviona mpaka vipigwe na mwanga. Anamtilia kimoja, anamdondoshea dawa ya njano, anammulika kwa taa ya bluu aone kigamba kinagusa wapi, anatikisa kichwa, anakitoa. Machozi yalimtoka mwalimu kama bomba limepasuka. Cha kwanza kiliruka alipopepesa. Kingine kilikaa kama mbegu ya pilipili.

"Jicho lako ni mlima, baba," yule mama akamwambia. "Vigamba hivi ni kofia za vichwa vya kawaida."

"Basi nitafutie kofia ya mlima."

Akaandika vipimo, vikapelekwa nje kutengenezwa. Mwalimu alirudi nyumbani mikono mitupu, akangoja. Kikaja, akakifuata, kikambana. Jicho likawa jekundu, akakaa gizani, akapona, akarudi tena. Kikatengenezwa kingine. Mara mvua imekata barabara, mara maji ya mto yamejaa, mara mkorosho haukuzaa. Watu walisema amelewa Dar. Mkewe akauza mpunga wa mbegu. Mie nilimwona akipita na kifurushi chake, nikajiuliza, je, mtu anayetafuta hivi anatafuta macho tu?

Safari ya mwisho mikeka yetu ikaangukia tena siku moja naye. Yule mama mnene akamtilia kigamba, akangoja machozi yapungue, akamwonyesha ubao wa ukutani wenye herufi za kizungu. "Soma, baba."

"Hizo si zangu," mwalimu akasema. Akaingiza mkono kanzuni, akatoa juzuu yake iliyochakaa. Akaifungua mwanzoni. Akaiweka mbali na uso, mbali kabisa, urefu wa mkono, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Moja," akasema.

Mpimaji akanitazama mie. "Ni kweli, mama? Mimi maandishi haya siyajui."

Nikasogea, nikaangalia alipoweka kidole. Bee ya Bismillahi. "Moja," nikasema. "Kweli."

Mwalimu akanigeukia. Nilikuwa mbele yake, ananiona kwa mara ya kwanza nilivyo, makunyanzi na chale yangu ya shavuni. Nikangoja. Nilijua anajua ninachongoja. Akafunua kinywa, akakifunga, akaifunga na juzuu. Akasema, "Jazakillahu heri," kwa yule mama. Mie akaniambia, "Kumbe umezeeka hivyo."

Watoto walirudi barazani. Macho yale yalikuwa na ibada zake. Vidole anaosha kwa sabuni kwanza, kisha anakitia kigamba akiwa amepiga magoti juu ya kitambaa cheupe. Maji ya kisima huku kwetu yakijaa bahari yanakuwa na chumvi, na mpimaji alimtisha sana: maji ya kisima yasikiguse, wala mate. Dawa ya kukioshea ilitoka Dar kwa chupa, na chupa ikiisha alikaa bila kigamba mpaka nyingine ije, akirudi kwenye nukta zake nyingi, mkali kama nyuki. Wengine wakaleta fitina kwamba udhu wake haufiki. Akawajibu, "Nani kati yenu anaosha ndani ya mboni? Anyooshe mkono."

Wengine wakaja na ujinga mbaya zaidi. Ikasemwa mwalimu amevishwa jicho la kizungu linaloona wachawi. Mzee mmoja alileta kuku wawili akitaka aambiwe nani kamlogea ng'ombe. Wanawake wakawa wakipita kwake wanajifunika kanga mbili, ati jicho linapenya. "Wambie wanawake wenzio," aliniambia, "linanionyesha nukta. Hayo mengine sikuyalipia."

Siku moja kikadondoka katikati ya kisomo. "Msikanyage!" Chuo kizima tukapiga magoti mkekani, na mie nilivuka uwanja nikajiunga. Kuku wa mkewe akapita, akadonoa kitu, akameza. Kilio! Mwalimu akaagiza kisu, yeye mwenyewe, mtu asiyechinja. Akamshika kuku mbawa, kisu mkononi. Ndipo mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, kwenye ndevu." Kigamba kilikuwa kimenasa kwenye ndevu zake, kinang'aa. Akamwachia kuku. Akakaa chini, akamtazama kuku yule akikimbia, akasema peke yake, polepole, "Ningemuua bure." Watoto wakacheka. Mie sikucheka. Nilimtazama. Akageuka upande.

Zena wangu aliolewa Kibiti. Siku ya harusi mwalimu alileta mkeka wa nakshi na kilo za sukari, akasoma dua ndefu kuliko ya mtu yeyote, na sauti ikamkatika katikati. Watu wakasema anampenda mtoto wa jirani. Zena aliuchukua mkeka. Hakumpa mkono.

"Mama," aliniambia, "mkeka nautaka wa nini? Aseme tu."

"Hatasema," nikamwambia. "Hana neno hilo."

Miaka ikapita. Jicho likizidi kuchongoka, kigamba hakikai. Na kovu likaingia, jeupe, kama ukoko wa wali. La pili likafuata. Chuo akakichukua kijana aliyesomea mjini, na mwalimu akawa anakaa pembeni na kusikiliza tu, akisahihisha irabu kwa kikohozi. Vigamba vyake alivihifadhi ndani ya kikopo, juu ya mlango, pale ilipokuwa fimbo. Fimbo yenyewe sijui iliishia wapi.

Mjukuu wangu Mwanahawa, binti wa Zena, alikuja kukaa nami baada ya kuzaliwa mdogo wake. Nikamtia chuo. Siku aliyoandika Bismillahi ya kwanza, kijana wa chuo alikuwa msikitini. Mtoto akavuka na ubao wake, wino haujakauka, akaenda moja kwa moja kwa mzee aliyekaa pembeni. Mie nikasimama kizingitini kwangu.

"Babu, nimeandika."

Akaupokea. Akausogeza mpaka ukagusa pua. Akauinamisha huku, akauinamisha kule.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa Zena."

Mkono wake ukapapasa ukingo wa ubao, polepole, bila kugusa maandishi.

"Nukta ngapi chini ya bee?"

"Moja, babu."

"Tazama vizuri."

"Moja."

Akaushusha ubao magotini. Akakiinua kichwa, macho yale meupe yakanitafuta ng'ambo ya uwanja, yakanikosa kidogo, yakamtazama mbuzi.

"Sioni, mwanangu," akamwambia mtoto. "Ukisema moja, ni moja."

Kisha akaita, kwa sauti ile ile ya alfajiri, "Mama Zena! Upo hapo?"

"Nipo."

"Ubao huu usioshwe leo. Mpelekee mama yake. Mwambie ilikuwa moja."

Nilivuka, nikauchukua ubao mikononi mwake, nikamshika Mwanahawa mkono. Nikaufunika kwa kanga yangu, maandishi yakiwa juu yasifutike, nikashuka majini kungoja maji yajae.